Sura ya zamani, tumbo jipya: kwa nini vitu vya retro vinatuvuta, na nini hasa kimo ndani yake

Chukua redio moja ya zile zinazopangwa siku hizi kwenye vibanda vya soko la Kenya, Lubumbashi: kasha la rangi ya mti, kitambaa cha kahawia mbele ya spika, vifundo viwili vikubwa vya rangi ya shaba, na kidirisha chenye namba kama za redio ya babu. Ifungue kwa bisibisi. Ndani ya kasha ambalo mkate mzima ungeingia, utakuta kibao cha kijani kisichozidi ukubwa wa kiberiti, spika moja ya inchi 3, betri bapa ya simu, na hewa. "Mti" ni karatasi iliyochapwa mishipa ya mti na kubandikwa juu ya unga wa mbao ulioshindiliwa. "Shaba" ni plastiki iliyopakwa utando wa metali, mwembamba kuliko rangi ya kucha. Mkaaji wa Lubumbashi, mji ulioishi kwa shaba tangu kuanzishwa kwake 1910, anaijua shaba kwa uzito wake kiganjani, na akikishika kifundo hicho anajua mara moja kwamba si yenyewe.

Hata hivyo redio hiyo huondoka kibandani kabla ya ile nyeusi ya mraba iliyo kando yake, yenye kibao kilekile na betri ileile, na mara nyingi kwa bei ya juu zaidi. Wanunuzi si wajinga. Kuna kitu wanakilipia. Shida ni kwamba ndani ya neno "retro" nyuzi kadhaa zimesokotana: kumbukumbu, jicho, mkono, na hesabu ya kiwanda. Lubumbashi tuna uzi mwingine juu ya hizo, nao hausemwi sana. Hapa kitu cha zamani maana yake ni kitu kinachotengenezeka. Ukitaka kujua kama bei ya sura ya zamani ni halali, fumua nyuzi hizo moja moja.

Zamani umbo halikuchaguliwa

Redio ya miaka ya 1950 ilikuwa kubwa kwa sababu haikuwa na namna nyingine. Ndani yake kulikuwa na taa za kioo (si za kuangazia, bali valvu za kukuza sauti), mara nyingi tano hivi, zenye joto la kuunguza kidole. Taa hizo zilitaka umeme wa volti 200 hadi 250 ndani ya mashine, na kwa sababu hiyo redio nyingi zilibeba transfoma nzito ya chuma. Stesheni zilitafutwa kwa kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) yenye mapezi ya alumini yanayopishana, iliyozungushwa na kamba nyembamba iliyopita kwenye vigurudumu na kuvuta mshale nyuma ya kioo. Kifundo kipana kilimpa msikilizaji uwezo wa kuusogeza mshale kwa upana wa unywele. Nyuma kulikuwa na matundu ya kutolea joto. Kasha lilikuwa la mbao au la bakelaiti, ile plastiki ngumu ya kahawia aliyoivumbua Leo Baekeland, mzaliwa wa Ghent nchini Ubelgiji, mwaka 1907.

Bakelaiti inaeleza vizuri jambo lenyewe. Unga wake hutiwa kwenye kalibu ya chuma, ukashindiliwa kwa joto, na ukishaiva hauyeyuki tena. Kona kali haijai vizuri kwenye kalibu, na kasha likitoka hupasuka hapohapo. Kona ya mviringo hujaa na kutoka salama. Friji za wakati huo nazo zilikuwa na mabega ya mviringo kwa sababu ya namna hiyohiyo: bati la chuma likikandamizwa kwa nguvu kwenye kona kali huchanika, likipewa mzunguko hunyumbulika. Ule ulaini tunaouona leo kama upole wa zamani ulianza kama suluhisho la fundi wa kalibu.

Kisha ikaja transista, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani, na baada yake saketi nzima zikakusanywa ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Sehemu zikanywea. Kasha halikuhitaji tena kuwa na ukubwa wowote maalumu, wala matundu, wala kifundo. Mbunifu akabaki na umbo lisilodaiwa na kitu chochote kilichomo ndani, na umbo huru namna hiyo lazima litafutiwe sababu mahali pengine. Wengi waliitafuta nyuma.

Magari yanaonyesha hilo wazi kuliko chombo chochote. Fiat 500 ya kwanza ilitoka tarehe 4 Julai 1957, na injini yake ndogo ya silinda mbili ilikaa nyuma. Ile ya tarehe 4 Julai 2007, miaka 50 kamili baadaye, ina macho yaleyale na mgongo uleule, lakini injini imehamia mbele. Volkswagen walikuwa wamefanya vivyo hivyo walipoleta New Beetle mwishoni mwa miaka ya 1990: mgongo wa kobe wa gari la zamani, ambalo injini yake ya nyuma ilipozwa kwa hewa, ukawekwa juu ya mitambo ya Golf yenye injini ya mbele inayopozwa kwa maji. Mgongo ule ulikuwa na kazi zamani. Sasa ni uso. Kwa kiwanda hesabu ni nyepesi. Mitambo ipo tayari na imeshalipwa, kinachobadilika ni ganda.

Kinachovuta hasa

Neno nostalgia halikuanza kama neno la wakati. Johannes Hofer alilitunga mwaka 1688 katika tasnifu yake ya udaktari huko Basel, akieleza ugonjwa wa Waswisi waliokuwa mbali na kwao: kutamani nyumbani mpaka mwili unadhoofika. Maana ya wakati uliopita ilikuja baadaye sana. Asili hiyo inasaidia kueleza kwa nini kijana wa miaka 20 anavutwa na redio ambayo hakuwahi kuwa nayo. Anachokitamani ni sebule: kitambaa cha kufumwa juu ya kabati, sauti ikitoka pembeni, watu wazima wakinyamazishana ili habari zisikike. Hata kama aliiona kwa bibi mara mbili tu, au kwenye picha, jicho limeizoea. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba mtu hupendelea kitu alichokwisha kukiona hata kama hakijui lolote. Umbo la zamani lina faida ya kuonwa kwa miaka 70.

Hilo ni la moyo na la jicho. La mkono ni zito zaidi, na kwa maoni yetu ndilo linalostahili kulipiwa. Kifundo cha sauti kina kazi moja. Unakikuta gizani wakati wa delestaji, yaani umeme unapokatwa kwa zamu, unakizungusha bila kutazama, na ukikigusa unajua kiko wapi. Kwenye redio ya vitufe vinne, kitufe kimoja ukikibonyeza kifupi hubadili stesheni, ukikishikilia hupandisha sauti, ukikibonyeza mara mbili hurudia wimbo, na mzee wa nyumbani hutegemea mjukuu. Kamera ya Fujifilm X100, iliyoingia sokoni 2011, ilipendwa na wapiga picha kwa sababu ya jinsi hii: kasi ya shata imeandikwa kwenye gurudumu la juu, upana wa tundu la lenzi umeandikwa kwenye pete yake, na vyote viwili vinasomeka kamera ikiwa imezimwa. Hiyo ni sura ya zamani iliyorudi na kazi yake.

Upande mwingine kuna pikipiki ya Triumph Bonneville. Kuanzia modeli ya 2009 ilipata mfumo wa kuingiza petroli kwa kompyuta, lakini mabomba yake ya kuingiza hewa yalichongwa yafanane na kabureta. Kwa macho ni nzuri. Fundi asiyejua atatafuta jigla (kitundu cha petroli ndani ya kabureta) ya kusafisha na hataipata, kwa maana kosa liko kwenye sensa au pampu ndani ya tangi. Umbo hapa linasema uongo kuhusu kazi, na anayeulipia uongo huo ni mtengenezaji wa kesho.

Tofauti ya mifano hii miwili ndiyo kipimo tunachokitumia. Retro inaweza kukaa juu ya ngozi tu: rangi, kitambaa, herufi. Inaweza kushuka hadi kwenye vidhibiti: kifundo kinachofanya kazi kweli, swichi inayolia "tak". Au inaweza kufika kwenye ujenzi wenyewe: skrubu badala ya gundi, betri inayotoka, sehemu inayobadilishwa bila kuvunja jirani yake. Mnunuzi wa Lubumbashi akiona kasha nene na skrubu nne za shaba mbele, akili yake inaruka moja kwa moja hadi ngazi ya tatu, kwa kuwa amekua akiona vitu vyenye sura hiyo vikifunguliwa mezani kwa fundi, Kamalondo au Katuba, na kurudi nyumbani vikiimba. Viwanda vimeliona hilo. Kuna spika za retro ambazo vichwa vya skrubu vya mbele ni plastiki iliyomwagwa pamoja na kasha, haviingii bisibisi yoyote, na nyuma kumefungwa kwa gundi.

Kikwembe kilitangulia

Anayetaka kuelewa jinsi kasoro ya kazi ya zamani inavyogeuka kuwa uzuri, asiende mbali, atazame kikwembe, yaani kitenge cha waksi. Waholanzi wa karne ya 19, wakiwemo Vlisco walioanza Helmond mwaka 1846, walitaka kuiga kwa mashine vitambaa vya batiki vya Java. Resini iliyozuia rangi ilipasuka kitambaa kilipokunjwa, rangi ikapenya kwenye nyufa, na mishipa midogo ikatawanyika juu ya maua. Ilikuwa kasoro. Afrika Magharibi waliipenda mishipa hiyo kwa sababu hakuna kipande kilichofanana na kingine, na kasoro ikawa alama ya kitambaa cha kweli.

Leo vitambaa vya bei nafuu huchapwa upande mmoja, na mishipa huchorwa ndani ya muundo kama sehemu ya picha. Kuvitambua ni kazi ya dakika moja. Tafuta ua moja, kisha tafuta ua hilohilo linapojirudia chini yake. Mshipa ukipita mahali palepale kwenye maua yote mawili, umechorwa. Ukitofautiana, resini ilipasuka yenyewe. Kisha geuza kitambaa: waksi ya kweli ina rangi karibu sawa pande zote mbili. Kina mama wanaouza vikwembe hufanya hivi kwa vidole bila kufikiri, na ni uchunguzi uleule tunaouhitaji kwa redio, taa na friji: tafuta mahali ambapo kitu cha kweli hakiwezi kujirudia.

Redio sokoni, dakika tano

Mwombe muuzaji aiwashe kwa betri yake yenyewe, isiwe kwenye chaja. Zungusha kila kifundo. Potensiometa ya kweli (resista ya kuzungusha inayoongoza sauti) ina mwanzo na mwisho, karibu nyuzi 300 za mzunguko, na sauti hupanda polepole. Kifundo kinachozunguka bila mwisho ni enkoda. Si kibaya, lakini hukumbuka sauti kwa njia ya kompyuta, na umeme ukikatika huenda kikarudi kwenye sauti ya kuanzia. Kifundo kinachozunguka bila kubadili chochote ni pambo, na vipo. Pandisha sauti mpaka robo tatu kwenye stesheni ya FM yenye mazungumzo, Radio Okapi kwa mfano. Sauti ya mtu huonyesha mkwaruzo haraka kuliko muziki. Tazama matundu ya spika ya pili: weka sikio, kisha kidole. Pasipotetemeka, hapana spika.

Geuza redio. Unatafuta skrubu nne au sita na mlango wa betri. Redio ndogo nyingi hutumia betri ya BL-5C, ileile iliyotoka kwenye simu za Nokia: volti 3.7, na milliampia-saa 1020 inapokuwa halisi. Hilo ni jambo jema, kwa kuwa hupatikana kila kona ya mji. Kubwa kidogo hutumia selli ya duara ya 18650. Iliyolehemewa ndani bila mlango bado inabadilishika. Iliyofunikwa kwa gundi nyeupe mpaka kwenye kibao ni ya kutupa baada ya mwaka mmoja au miwili.

Uzito usikudanganye. Makasha mengine huongezewa kipande cha chuma kilichobandikwa chini ili mkono uamini. Pembeza sumaku chini ya kasha, mbali na spika: ikishika mahali pasipo na sababu ya kuwa na chuma, umekipata. Kwa vifundo vya "shaba" sumaku husaidia nusu tu, maana haishiki shaba wala plastiki. Ikishika, ni chuma kilichopakwa. Isiposhika, tumia mdomo wa juu: metali huhisi baridi, plastiki ni vuguvugu.

Kinachokufa kwanza kwenye redio hizi ni tundu la kuchaji. Limeshikwa na vitone vidogo vya lehemu juu ya kibao. Waya ukivutwa kando mara nyingi, tundu hung'oka pamoja na karatasi ya shaba iliyo chini yake. Fundi mzuri habandiki tundu jipya palepale. Anaweka kibao kidogo cha kuchajia chenye chipu ya TP4056, anakifunga kwa skrubu kwenye kasha, na anapeleka waya mbili kwenye betri. Vibao hivyo huja na resista ya kilo-ohm 1.2 inayotoa ampia 1 kamili, mzigo mzito kwa BL-5C, hasa za bandia. Badilisha resista hiyo iwe ya kilo-ohm 2, chaji itashuka hadi karibu milliampia 580, na betri itaishi.

Taa zenye nyuzi, friji zenye mabega, baiskeli

Baa na saluni nyingi sasa zimepachika taa za kioo cha njano zenye nyuzi zinazoonekana, kama taa za enzi za Edison. Nyuzi hizo si za tungsteni. Kila uzi ni kijiti chembamba kilichopangwa chembe za LED kama 28 hivi kwa mfululizo na kufunikwa kwa ute wa fosfa unaogeuza rangi ya mwanga, na ndani ya kioo kuna gesi ya helimu inayohamisha joto kutoka kwenye kijiti hadi kwenye kioo. Kioo kikipata ufa, gesi hutoka na taa haimalizi wiki. Chombo kinachodhibiti umeme kimebanwa ndani ya kichwa cha skrubu, mahali penye joto na pasipo na nafasi, na hapo ndipo taa za bei ndogo huanguka: kapasita yao ni ndogo mno, kwa hiyo mwanga hupepesuka mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wetu wa hertzi 50. Jicho huchoka bila kujua sababu. Elekeza kamera ya simu kwenye taa: michirizi myeusi ikipita kwenye kioo cha simu, iache. Kura (umeme) inaporudi ghafla baada ya kukatika ndipo taa hizi nyingi hufa, basi zizime kwenye swichi wakati wa delestaji.

Rangi nayo ina gharama. Kioo cha njano chenye nuru ya kelvini 1800 hadi 2200 hula sehemu ya mwanga; watt 4 za kioo cheupe huangaza zaidi ya watt 4 za kioo cha njano. Kwa meza ya bia inafaa sana. Kwa mtoto anayesoma, nunua kelvini 2700 hadi 4000 yenye kioo kisicho na rangi. Ukiona taa ya mtindo huo iliyoandikwa watt 40 na ikiunguza mkono, hiyo ni ya uzi wa kweli unaowaka kwa joto, na inatoa mwanga mdogo kuliko LED ya watt 4.

Kwa friji ya mabega ya mviringo, uliza jambo moja kabla ya rangi: raba ya mlango. Raba ya pembe kali fundi anaweza kuiunga kwa vipande vinne vilivyokatwa nyuzi 45 na kuchomwa. Raba iliyopinda kwenye kona hupatikana kama sehemu ya modeli ile tu. Bana karatasi mlangoni kila upande: ikitoka bila kukwama, baridi inavuja. Kompresa nayo ipewe dakika 5 za kupumzika kila kura inaporudi, kwa stabilaiza yenye kuchelewesha, maana ikianza wakati presha bado haijasawazika hukwama na kuungua.

Baiskeli nzito nyeusi zinazoleta makala (mkaa) mjini asubuhi zina umbo ambalo Ulaya sasa linauzwa kama pambo. Anayeletewa ile ya retro atazame ubavu wa tairi. Za kazi nyingi ni 28 × 1½, yaani kipenyo cha rimu cha milimita 635. Za retro nyingi ni milimita 622. Zote mbili huitwa "ishirini na nane", na tairi ya moja haikai kwenye rimu ya nyingine hata ukiipaka sabuni.

Kufanya kinyume: tumbo jipya kwenye kasha la kweli

Nyumba nyingi za zamani bado zina redio ya taa iliyonyamaza. Kabla ya kuitoa matumbo, ipe nafasi ya kufufuka. Usiichomeke moja kwa moja ukutani. Kwanza hakikisha kiteuzi cha volti nyuma yake kiko kwenye 220 na si 110 au 127. Kisha ipitishie umeme kupitia taa ya uzi ya watt 40 au 60 iliyounganishwa kwa mfululizo: taa ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti, na umeiokoa transfoma. Vinavyoharibika kwa umri ni kapasita. Zile za elektroliti hukauka na kuleta mngurumo. Ile ya karatasi inayopeleka sauti kwenye taa ya mwisho huvuja, taa hiyo huwa nyekundu na kuichoma transfoma ya sauti. Badilisha hiyo kwanza, hata kama redio inasikika. Kumbuka kwamba kapasita hushika volti 250 redio ikiwa imezimwa. Zimwage kwa resista ya kilo-ohm 10 ya watt 5 kwa sekunde kadhaa, uhakikishe kwa multimita. Redio zisizo na transfoma ya umeme zina fremu ya chuma iliyounganishwa moja kwa moja na waya wa ukutani, na zimewahi kuua mafundi.

Ikifufuka, ujue mipaka yake. Nyingi hazina FM kabisa, na zenye FM ya miaka ya 1950 mara nyingi huishia megahertzi 100, kwa hiyo stesheni zilizo juu ya hapo hazitasikika.

Isipofufuka, basi weka sauti mpya. Unahitaji kibao cha Bluetooth cha volti 5, kikuza sauti cha PAM8403, kibao cha kupandisha volti, TP4056 yenye ulinzi, na selli moja ya 18650. PAM8403 hutoa watt 3 kwa kila upande kwenye spika ya ohm 4, na kwa nyumba hiyo inatosha. Selli ya milliampia-saa 2500 ina watt-saa 9 na kidogo. Toa hasara ya kupandisha volti, na kwa usikilizaji wa kawaida wa watt 1.2 utapata saa sita hivi, delestaji nzima ya jioni.

Pima spika ya zamani kabla ya kuitegemea. Multimita ikisoma ohm 3 hadi 5, iunganishe. Ikisoma karibu 800, ni ya zile redio za Philips zisizo na transfoma ya sauti, na PAM8403 itanong'ona tu. Ikiwa na waya nne na haina sumaku ya kudumu, ni ya sumaku-umeme. Bila kulishwa umeme wake haitatoa kitu, basi weka spika mpya nyuma ya kitambaa kilekile.

Makosa mawili huharibu kazi hii. La kwanza ni kuunganisha waya hasi za spika pamoja au kwenye fremu: PAM8403 husukuma waya zote mbili za kila spika, na ukizigusanisha chipu huungua papo hapo. La pili ni mlio wa nyuki unaosikika Bluetooth ikiungana na simu. Unatoka kwenye waya wa hasi unaotumiwa na kibao cha Bluetooth pamoja na kikuza sauti. Kipe kibao cha Bluetooth umeme wake kupitia kitenganishi kidogo cha B0505S cha watt 1, na mlio hunyamaza.

Kifundo cha sauti kibaki kilekile cha zamani kwenye mhimili wake. Potensiometa ya zamani mara nyingi ni ya kilo-ohm 500 au megaohm 1, kubwa mno kwa kazi mpya. Weka ya kilo-ohm 50 ya mwendo wa logi yenye mhimili wa milimita 6, na kifundo kitakaa bila gundi. Usitoboe tundu jipya hata moja mbele. Tundu la kuchajia likae nyuma, kwenye tundu la zamani la antena. Taa za kioo zilizotolewa zifunge kwa gazeti, uziweke chini ya kasha pamoja na kamba ya mshale na karatasi inayoonyesha waya upi ulikatwa wapi, ili fundi atakayeifungua miaka 30 ijayo aweze kuirudisha ilivyokuwa akitaka.